Kamera Ilipoacha Kuzima

Kamera ya zizi la mbuzi ililetwa na binti yangu anayefanya kazi mjini Kiboko. Mama yake alikuwa amefariki, nami nimebaki peke yangu hapa kijijini Nuu, na wezi walikuwa wamenitembelea. Umeme haujafika kwetu, kwa hiyo aliniwekea paneli ya sola na betri, akarudi kazini. Picha alikuwa akiziona hukohuko kwenye simu yake.

Mimi niliona paneli yenyewe ndiyo itaibwa. Nikaishusha kutoka pale fundi wake alipoifunga, nikaiweka chini ya mgunga kando ya zizi, mahali mtu wa barabarani hawezi kuiona. Kivuli kikaifunika nusu siku, na vumbi la kwato likamaliza kazi. Kila alfajiri betri ilikuwa imeisha na kamera imezima.

Basi kila asubuhi simu ililia.

“Baba, uko? Kamera imezima tena.”

“Niko, mama.” Namwita hivyo kwa sababu amepewa jina la mama yangu.

“Jana ulikula nini?”

“Muthokoi.” Ndiyo mahindi yetu ya kukoboa, yaliyopikwa na maharagwe.

“Wa juzi?”

“Wa juzi ndio mtamu.”

Alikuwa akicheka, kisha tunaongea habari za mbuzi, mvua na goti langu.

Siku moja Msomali anayenunua mifugo huku kwetu aliiona ile paneli, akashika kiuno. “Mzee, umeificha wezi wasiione. Sasa hata jua halijaiona.”

Alinisaidia kuipandisha juu ya bati la nyumba, tukaiinamisha kidogo vumbi lisikae. Nikajifunza kuipangusa kwa kitambaa chenye maji kabla haijapata moto. Taa ya zizi, iliyokula betri hiyohiyo, nikaibadilisha, nikaweka ile inayowaka tu kitu kikipita. Betri ikaanza kufika asubuhi ikiwa bado na nguvu.

Binti yangu alipiga kunipongeza. Nami, kwa majivuno, nikamwambia, “Sasa usijisumbue kupigapiga simu. Si unaniona?”

Alinitii. Kosa ni langu, si lake. Asubuhi zikawa kimya. Nilikuwa nikipita mbele ya kamera na ndoo, nasimama, naweka kofia sawa, bila kujua kama kuna mtu anatazama.

Wiki jana nilipanda ngazi na kitambaa changu, nikakuta vumbi limejaa. Nikalitazama, nikashuka bila kulifuta. Mchana kutwa sikutulia. Mbuzi walale bila mlinzi kwa sababu ya mzee anayeona haya kumpigia mtoto wake? Jua lilipoanza kushuka nikapanda tena na goti langu, nikapangusa kila kona. Kisha nikaketi kwenye ngazi, nikatoa simu, nikampigia.

“Baba? Kuna nini? Naona kamera inafanya kazi.”

“Inafanya, mama. Nilitaka tu kukwambia nimekula muthokoi.”



“Wa juzi?” akauliza.