Kwisha na Bado

Aprili, wiki moja baada ya Pasaka, mama alikwenda kujifungua na hakurudi. Hata leo nikisikia harufu ya binzari ikikaangwa, ninajikuta uani kwetu Levolosi, mvua ikipiga bati.

Kiswahili hakikuwa lugha ya kuzaliwa ya mtu mzima yeyote pale. Koko, bibi yetu mzaa mama, alikuwa na Kiarusha chake. Mama Kanta mwenye nyumba, Kigujarati chake. Kila kilichokamilika walikipa neno moja. "Mimi kwisha pika, kuja," Mama Kanta aliita. Koko naye: "Mbuzi kwisha kunywa, wewe bado nawa uso?" Mimi na mdogo wangu Nosim hatukuwa na subira ya maneno mawili, tukayabana: shapika, shanawa. Mama Kanta alicheka. "Hawa nakula mpaka maneno yangu."

Koko alirudi peke yake kutoka hospitali.

"Koko, mama shazaa?"

"Kwisha."

"Sharudi?"

Alianika kanga yake iliyolowa, akasema, "Bado."

Niliing'ang'ania ile bado. Wakubwa walipanda huko juu mlimani, kwao Koko, sisi tukaachwa kwa Mama Kanta. Koko akarudi amenyoa kichwa. Kila asubuhi nilimuuliza, kila asubuhi bado. Nilikaa mlangoni mpaka nguo zikalowa.

Ndipo nikawasikia jikoni.

"Mama yao kwisha kufa, na mtoto pia," alisema Mama Kanta. "Wewe nasema bado. Wao nangoja."

"Kwetu aliyekwenda hatajwi," Koko akajibu. "Mimi nizae, halafu mimi niseme kwisha?"

Niwaambie ukweli, nilimchukia. Nilikuja kuelewa nilipokuwa na watoto wangu: hakuwa akitudanganya. Bado ndilo neno pekee ambalo mdomo wake uliweza kulitoa. Na sisi tulikuwa tumeshalitengeneza lile jingine, sha, fupi, jepesi, linaloingia popote.

Nikaingia chumbani. Nosim alikuwa amelala kitandani kwa mama, amejibana ukutani, akimwachia nafasi yake.

"Sharudi?"

"Shakufa," nikasema.

Alinitazama. Kisha akasogea taratibu, akalala katikati.