Ndagala za Kumpelekea Mama

Wakati ule wa Wadachi, wale Wajerumani, hapa Rumonge, chungu changu kilikuwa kimekataliwa na watu wa pande mbili. Jirani yangu, mwanamke wa Kiislamu ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, hakuonja chochote kilichopikwa ndani yake, kwa sababu mume wangu aliwahi kuleta nyama ya nguruwe wa porini nami nikaipika humo. Watu wangu wenyewe wa mlimani, kule Bugarama, walikikataa kwa sababu ya samaki. Kwao aliyekula samaki hasogelei maziwa wala hashiki chombo cha maziwa, la sivyo viwele vya ng'ombe vitapasuka. Mimi nililelewa nikiamini hivyo, mpaka nilipoolewa huku ziwani. Basi nilikuwa na chungu kizuri, cheusi, kisichovuja popote, na sikuwa na mtu wa kula naye.

Zamani mume alikuwepo. Alikuwa fundi wa mitumbwi, Mkristo kama mimi. Tulibatizwa misheni moja, kule upande wa Usumbura, na mapadri ndio waliotufungisha ndoa. Yule alikuwa mtu wa kula hasa. Jioni akiingia anafunua chungu kabla hajanisalimu, nami nampiga mkono kwa mwiko: "Sala kwanza, mlafi wee." Tunafanya ishara ya msalaba, anasema maneno yake mbio mbio kana kwamba ugali una miguu, kisha tunakula bakuli moja. Wadachi walipotaka watu wa kupeleka mizigo yao kusini kwa mitumbwi, wakamchukua. Hakurudi. Wenzake walirudi, wakaniambia aliugua njiani wakamwacha kwa watu. Watu gani, hawakujua.

Baada ya hapo niliacha kupika. Sidanganyi kwamba nilikosa chakula. Muhogo ulikuwa shambani, mawese yalikuwepo, ndagala, samaki wadogo wa ziwa, zilianikwa kila mahali mpaka mtu unachoka kuzinusa. Nilichokosa ni sababu ya kuwasha moto. Nilitafuna muhogo mbichi nimesimama mlangoni. Nilichoma kiazi kwenye majivu, nikala nusu, nusu nikawatupia kuku. Sala ya chakula nayo ikanitoka, maana ningeomba baraka juu ya nini, juu ya kiazi nilichokishika kama mwizi? Padri alipita huku mara chache sana, kwa hiyo Jumapili nilisali peke yangu, na hata hapo maneno yalinikauka mdomoni. Pembe za midomo zikachanika vidonda, miguu ikavimba, nikawa napata kizunguzungu kila nikiinama kuteka maji. Wanaofikiri chakula ni kujaza tumbo tu, waje waniulize mimi.

Jirani ndiye aliyeona. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi mkali, na wangu si butu, ndiyo maana tulipatana. Akasimama uani kwangu, mikono kiunoni.

"Mama, wewe uko nakufa, na hauna hata adabu ya kutuambia."

Nikamjibu kwamba kama anaona ninakufa, aache maneno alete uji.

"Uji nitaleta. Lakini uji wa jirani hautoshi. Nimeshatuma mutu kwa mama yako."

Nilimkasirikia sana. Nilipoolewa na mtu wa ziwani, mama alilia kama amenizika, na tangu hapo hakuwa ameshuka kuniona. Sasa angekuja kunikuta mifupa mitupu, mume hayupo, na mlimani wote wangesema, si tuliwaambia.

Alishuka pamoja na watu waliokuwa wakileta maharagi sokoni. Alibeba kikapu kichwani, na ndani yake maharagi yake, unga wake wa mtama, chungu chake, bakuli lake na mwiko wake. Akasema "Amahoro," akanishika mashavu kwa mikono miwili, akalia, na mimi nikalia. Kisha akafuta machozi, akazunguka ua mzima akinusa. Akaenda kuokota mawe matatu kwenye kijito, mbali na ufuko ambapo wavuvi walisafishia samaki, akatengeneza mafiga yake nyuma ya nyumba.

"Usiudhike, mwanangu," akasema. "Nyumbani kuna ng'ombe."

Nilijua kuna ng'ombe. Niliudhika vilevile.

Akanipikia maharagi na ndizi, akayaacha motoni mpaka yakalainika kabisa, akanipakulia juu ya jani la mgomba. Hakunipakulia kwenye bakuli lake. Nilikuwa mtoto wake wa kumzaa, na alinilisha kwenye jani kama mpita njia. Nilikula, kwa kuwa njaa haina kiburi hata kama mwenye njaa anacho. Siku zikapita, miguu ikapungua uvimbe, vidonda vya mdomo vikafunga. Sikumeza dawa yoyote. Kilikuwa chakula cha moto, kilichopikwa na mtu aliyekuwa ananiangalia ninapokila.

Nilipopata nguvu nikawasha moto wangu tena. Niseme kweli, niliuwasha kwa hasira. Nikazikaanga ndagala kwa mawese, nikatia pilipili, nikasonga ugali wa muhogo, na harufu ikaenda mpaka nyuma ya nyumba kwa makusudi. Tukawa hivyo, mama na mwana, mioto miwili katika ua mmoja. Yeye alikula maharagi yake akinipa mgongo, nami nikala samaki zangu nikimpa mgongo. Upweke ule ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu huyu niliyemkosa nilikuwa nasikia akitafuna.

Ila sala ilirudi. Sasa nilikuwa na kitu cha moto mbele yangu, kimepakuliwa vizuri, na mkono wenyewe ukapanda kwenye paji la uso. Nikasema, "Ee Bwana, tubariki sisi na chakula hiki." Nikaisema kwa sauti, kama mume wangu alivyokuwa akisema, ila polepole.

Jioni moja mama akageuka.

"Unasema na nani?"

"Na Imana. Namshukuru kwa chakula."

"Na baada ya kumshukuru unakula na nani?"

Alikuwa ananiona. Nikaendelea kumega ugali, kisha nikaweka tonge chini. Nikamwambia, bila kumtazama, kwamba kila usiku najidanganya kuwa nimezoea, na kwamba sijazoea hata kidogo.

Kisha nikasikia anainuka. Maharagi yake yalikuwepo chunguni, yamebaki mengi, niliyaona kwa macho yangu, kwa hiyo mtu asije akasema ni njaa. Akaja akaketi upande wa pili wa bakuli langu. Akachukua ndagala moja kwa vidole viwili, akaiinua karibu na uso.

"Ina macho," akasema.

"Ndiyo, mama, ina macho."

"Inaniangalia."

"Mama, acha. Nyumbani kuna ng'ombe."

"Ng'ombe wana watu wengi wa kuwatunza," akasema. "Wewe una nani?"

Akaila. Uso ulimkunjamana, akameza kwa shida, akamega ugali upesi kuisindikiza. Kisha akachukua nyingine. Alipofika ya tatu akaniambia pilipili nimezidisha, na hapo nikajua kwamba mama amerudi kuwa mama yangu. Nilicheka, nikamwambia hajawahi kusifu mchuzi wa mtu tangu azaliwe.

Alikaa siku chache zaidi. Tulikula bakuli moja. Mimi nilisema sala, yeye alisubiri na mkono umetulia magotini, akijaribu kushika maneno. Siku ya kuondoka nilimsihi: "Oga vizuri, mama. Sugua mikono kwa majivu. Usiwaambie kitu." Alijitwika kikapu chake.

Habari nilizipata kwa muuza maharagi mmoja aliyekuwa akishuka kutoka kilima chetu. Aliniambia mama alifika nyumbani, wakamtolea kibuyu cha maziwa apoze uchovu wa njia, naye akakunja mikono mgongoni asikiguse. Akawaambia pale pale kwamba amekula samaki. Angeweza kunyamaza, lakini aliwapenda wale ng'ombe, na aliamini. Kaka yangu, mwenye boma, akamwambia jambo hili ni dogo: aseme tu kwamba binti yake alimdanganya, kwamba alilishwa bila kujua, naye atatakaswa na yatakwisha. Mama akasema, "Nilikula kwa mkono wangu, nikiona." Wakamwuliza tena. Akasema vilevile. Basi wakamwekea mafiga yake nje ya ua, na bakuli lake huko huko. Mimi nikatumiwa neno kwamba nisikanyage kwa kaka.

Muuza maharagi alikuwa anaona haya kuniambia. Alikohoa, akaongeza: "Anasema umpelekee ndagala. Anasema kwa kuwa wamekwisha kumtoa nje, basi ale vizuri huko nje."

Nilicheka, kisha nikalia mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna msiba.

Tangu hapo nilipika kila siku, hata kama ni mimi tu, hata kama ni sombe tupu, majani ya muhogo tu, kwa sababu nilijua kule juu kuna mwingine ameketi mbele ya mafiga yake. Na kila muuza maharagi aliposhuka nilimpa ndagala kavu za mama, zimefungwa kwenye ganda la mgomba kwa fundo la kufungia mtumbwi, lile alilonifundisha mume wangu. Mama hakuweza kulifungua fundo lile. Alilikata kila mara, akanirudishia ganda likiwa na maharagi ndani, na kamba fupi kuliko nilivyoituma.

"Anaendeleaje?" nilikuwa nikimwuliza yule mtu.

"Anakula. Kabla ya kula anasema maneno yako. Lakini hayajui yote. Anasema yale ya mwanzo, halafu anakaa kimya kidogo, halafu anakula."

Masika moja yule muuza maharagi alishuka, akaweka kifurushi chini mlangoni, hakuketi. Niliangalia ile kamba. Ilikuwa ndefu, na fundo lilikuwa langu, kama nilivyolifunga. Kifurushi kilikuwa kimemkuta mama amekwisha kuzikwa.

Nilizipika zile ndagala siku hiyo hiyo, kwa mawese, pilipili nikapunguza. Jirani akaja akaketi upande wa pili wa bakuli. Hakula, kwa ajili ya chungu changu na dini yake, lakini alikaa. Nikafanya ishara ya msalaba, nikasema sala yote mpaka mwisho, kwa sababu mama mwisho wake hakuujua. Kisha nikala.