Shayiri ya Watu

Watu wa Tamezrit hawakumweka Khellaf kulinda ghala kwa sababu ya nguvu zake, maana nguvu hakuwa nazo, wala kwa sababu ya akili, maana akili yake ilikuwa ya kawaida na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulikubali hilo. Walimweka kwa sababu hakujua kuiba. Wako wasioiba kwa kumwogopa Mungu na wako wasioiba kwa kuogopa fimbo. Khellaf wizi haukumjia tu, kama vile wengine kuimba kusivyowajia. Baba yake alikuwa hivyohivyo, na babu yake pia, na kazi ile ilikaa katika ukoo wao tangu watu walipojenga ghala lao juu ya jabali, mahali ambapo hata mbuzi hufikiri mara mbili kabla ya kupanda.

Kila nyumba ilikuwa na chumba chake mle, cha shayiri, tini kavu na asali, na kila chumba kilikuwa na ufunguo wake wa mti. Ufunguo wa lango kuu ulikaa shingoni mwa Khellaf. Sheria ilikuwa moja: chumba hakifunguliwi ila kwa mwenyewe, na mwenyewe asipoweza kuja, atume kitu chake ambacho kijiji kizima kinakijua. Bila hicho hafunguliwi mtu, hata awe kadhi. Tena palikuwa na neno jingine, ambalo halikuwa sheria, lakini Khellaf alilirithi kwa baba yake pamoja na ufunguo. Mlinzi haombi. Mlinzi akiomba kibaba kwa jirani, jirani hapati usingizi kwa kuiwaza shayiri yake, na kukicha anapanda kuipima.

Neno hilo lilimgharimu mwaka wa ile njaa kubwa, vita vya Wazungu vilipokuwa vikielekea mwisho. Mwanawe Derraji alikuwa Italia, amevalishwa kofia ya Wafaransa, anawakomboa. Huku nyumbani mvua ilikataa. Askari wa misitu akakamata mbuzi wa Khellaf kwa kosa la kula majani kwenye msitu ambao wazee wake waliuita malisho, akatoza faini, na mbuzi wakauzwa kulipa faini ya mbuzi. Ndiyo serikali tuliyokuwa nayo. Binti yake mdogo, Zerfa, akaanza kuvimba miguu. Majirani walikuwa bado wana shayiri kidogo, na Khellaf alikuwa akishinda ghalani ameegemea milango ya vyumba vyao. Hakuomba. Zerfa akafa kabla ya mavuno.

Watu walipojua waliona haya. Walimwambia, Ami Khellaf, mbona hukusema? Na heshima yake ikapanda juu kuliko ghala lenyewe. Mkewe Turkia alisema ni kazi ya Mungu. Alilisema hilo mara moja tu, kisha akarudi kwenye jiwe lake la kusagia ingawa halikuwa na cha kusaga.

Derraji aliporudi na nishani yake alikuta kaburi dogo na zizi tupu. Hakupiga kelele. Alimvika punda ile nishani, na punda akaivaa mpaka kamba ilipokatika. Lakini tangu hapo masikio yake yakafunguka. Alisikia habari za mashamba ya bondeni waliyogawiwa walowezi, za kodi ya liwali, za kura zilizohesabiwa kabla hazijapigwa, na za watu waliopigwa risasi mijini wiki ileile Ulaya ilipokuwa ikicheza ngoma ya amani. "Tumewafia mara moja," alimwambia baba yake, "wakaona tumezoea."

Miaka tisa baadaye, vuli ilipoingia, alifukua bunduki ya Kitaliani iliyozikwa uani, akambusu mama yake kichwani, akaenda milimani. Usiku mmoja mwanzoni mwa Novemba milio ya risasi ilisikika kwenye kambi za askari, mjini Batna na kwingineko. Vita vya kumtoa Mfaransa vilianza kinyonge, kwa bunduki za kuwindia ndege, na nyingine ziligoma kulia. Wafaransa wakasema ni wahuni wachache. Kisha wakaleta ndege na askari wa miavuli kwa ajili ya hao wahuni wachache. Penye korongo la juu ya Tamezrit, akina Derraji walizuia njia kutwa nzima mpaka risasi zikawaishia, wakapanda kwenye theluji na majeruhi wao mabegani.

Ndipo ndege zikamwaga vikaratasi: kila raia ateremke bondeni akakae kambini, atakayebaki mlimani atahesabiwa adui. Kijiji kikahama kwa vilio vya chinichini. Shayiri haikubebeka, na iliyobebeka ingenyang'anywa njiani, kwa hiyo mmoja mmoja walipanda jabali wakamkabidhi Khellaf funguo zao. Wa mwisho alikuwa mzee Hmana, mwenye chumba kikubwa kuliko vyote. Turkia alimsihi mumewe washuke pamoja. Khellaf akamuuliza, amana ya watu aiachie nani? Turkia akabeba blanketi lake akafuata wanawake wenzake.

Derraji alikuja asubuhi moja ya ukungu, amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa usoni, na nyuma yake mwenzake mmoja mwenye ndevu aitwaye Tahar. Khellaf alimkumbatia, akafungua chumba chake mwenyewe, akakikung'uta chote. Kilitoka kiroba kisichojaa cha shayiri, na tini.

"Hii ni ya watu watatu, baba," Derraji akasema. "Huko juu tuko wengi, na wengine wameumia. Tunachemsha majani."

"Yangu ndiyo hiyo, mwanangu."

"Sikuombi yako. Mle ndani imejaa hadi darini."

"Ni ya watu."

"Na sisi tunampigania nani? Si haohao watu?"

"Basi waseme wao."

Tahar alikuwa amechoka kusikiliza. "Mzee," akasema, akiinua bunduki, "hata huu nao ni ufunguo."

Derraji akaushika ule mtutu akaushusha. "Ghala hili halivunjwi," akamwambia mwenzake. Kisha akamgeukia baba yake, na sauti yake ikawa ndogo. "Zerfa alikufa na milango hii imefungwa. Mimi nilikuwa mbali. Leo nipo."

Moyo wa Khellaf ulikuwa umekwisha kufungua kila chumba, lakini mikono ilikuwa ya baba yake na ya babu yake. Akasema neno ambalo alilidhani ni la busara.

"Nenda kwa Hmana. Akupe kitu chake chochote. Ukirudi nacho nafungua palepale, naapa."

"Hmana yuko kambini, baba. Kambi imezungukwa na askari."

"Njia unazijua."

Derraji akacheka kidogo. "Umemwona baba yangu?" akamwambia Tahar, na haikujulikana kama anajivuna au anasikitika. Alimtaka Tahar awapelekee wenzao kile kiroba, akambusu mzee kichwani, akashuka peke yake. Khellaf alimwita alipokwisha kupotea ukunguni. Alimwita tena, lakini korongo ndilo lililomjibu.

Kesho yake hakurudi. Keshokutwa walipanda askari na nyumbu wao. Mkalimani alimwambia Khellaf kwamba ghala linalisha waasi. Khellaf akajibu kwa kweli kabisa kwamba halijamlisha mwasi hata mmoja kwa shayiri ya watu, na mkalimani hakuona haja ya kuitafsiri. Walimburuta wakamkalisha juu ya jiwe. Alizifumbata funguo kwapani, tayari kufa nazo, lakini hakuna aliyeziomba. Walimwaga petroli kwenye milango ya mti, wakawasha.

Lilikuwa ghala la wazee na wazee wao, likawaka kutwa kucha. Shayiri ilipoanza kuungua bonde lote lilinukia mkate, kama asubuhi ya sikukuu. Huko juu kwenye theluji, wanaochemsha majani bila shaka waliisikia ile harufu. Khellaf alijiziba pua kwa joho lake, na bado aliisikia.

Walipomwachia alishuka bondeni na funguo zake zote. Njiani alijifariji kwamba Derraji amekawia tu. Mtu wa kwanza aliyemwona kambini alikuwa Hmana, naye alimvuta nyuma ya hema.

"Alinifuata kwenye chemchemi tunapotawadhia," Hmana akasema. "Aliponieleza nilikaribia kumpiga. Nikamwambia, babako ameingiwa na nini? Afungue vyote, vyangu na vya wengine, nani atakataa? Nikampa tasbihi yangu."

Khellaf aliijua tasbihi ile. Ilikuwa ya kokwa za zeituni, na kijiji kizima kiliijua.

Risasi ilimpata Derraji akivuka mto kurudi ghalani. Askari walimlaza langoni mwa kambi ili watu wamtambue, na atakayelia ijulikane ni wake. Tasbihi ilikuwa imezungushwa mkononi mwake. Watu wa Tamezrit wakapita mmoja mmoja na kusema hawamjui. Turkia alipita na ndoo yake ya maji kichwani, naye akasema hamjui, na ndoo haikumwaga hata tone. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na siku ile hata kuuonyesha alinyimwa.

Khellaf alizunguka mahema akirudisha funguo za vyumba ambavyo havikuwapo tena. Watu walimbusu kichwa, wakamwita mwaminifu. Hakuna hata mmoja aliyemlaumu, na laiti wangemlaumu. Kisha akaenda kwenye hema la mkewe.

Turkia alikuwa ameketi. "Alikuja?" akauliza.

"Alikuja."

"Ulimpa nini?"

"Yetu yote."

"Na ya watu?"

Shingoni mwa Khellaf ulibaki ufunguo wa lango kuu, na mkono wake ulikuwa umeushika bila yeye kujua.

"Zerfa nilisema ni Mungu," Turkia akasema. "Na huyu niseme ni nani?"

Akaukata mkate wake wa posho vipande viwili, akamwekea kimoja juu ya kitambaa, maana mume alikuwa ametembea tangu alfajiri, kisha akakunja tandiko lake aende akalale kwa wanawake wenzake. Khellaf alitaka kumwomba radhi. Lakini kuomba ndilo jambo ambalo maisha yake yote hakuwahi kujifunza. Akamtazama anatoka, akachukua ule mkate, akala.