Jina Nililoliruka

Kosa ni langu jamani, msimtafute mwingine. Ndugu yetu alifika mpaka kwenye boma langu, nikamrudisha ng'ambo mikono mitupu!

Mimi ni bibi wa huku Hirbadaw, Hanang. Shule niliishia darasa la pili, lakini majina ya watu sisahau. Mtu akitafuta ukoo wake anaelekezwa kwangu.

Kwetu sisi Wadatoga, mwanamke akiolewa hatamki jina la baba mkwe wala la ndugu za huyo mkwe. Mila hiyo nimeishika kweli. Mkamwana wangu lilimponyoka jina moja jikoni, nikamsema mbele ya watu mpaka akalia.

Sasa, baba mkwe alikuwa na kaka yake aliyemchungia mzungu ng'ombe. Mzungu aliporudi kwao, akaondoka naye. Hakuonekana tena. Mama yao alikufa akimuulizia. Baba mkwe akatuachia neno: "Akija mtu wa damu yake, mpelekeni kwenye kaburi la mama."

Akaja! Mama mtu mzima, amekonda, na dereva wa kumtafsiria. Babu yake alimwachia jina la ubatizo tu na habari za mlima Hanang.

"Shikamoo bibi," dereva akasema. "Mgeni anauliza, nani wa hapa aliondoka na mzungu?"

Nikaanza kutaja waliotoka. Gidagurja alihamia Kenya, Gidamuhale alikufa vitani, na wengine, na wengine.

"Bibi wewe ni redio!" dereva akacheka. Nami nikavimba kichwa!

Mkamwana akaninong'oneza, "Mama, na yule wa mzungu?"

"Nyamaza wewe! Unataka kuniponza?"

Ningesema tu "kaka wa baba mkwe," mila isingevunjika. Ningemwita mwanangu alitamke. Lakini yule mkamwana niliyemliza alikuwa ananitazama, sikutaka hata kulikaribia jina hilo mbele yake. Nikasema, "Wameisha. Huyo hakutoka kwetu."

"Bibi ana uhakika?" dereva akauliza.

Nikaitika. Yule mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Ee Mungu, akanishukuru!

Jioni mwanangu akarudi na ng'ombe, mkewe akamweleza. "Mama! Umemfukuza dada yangu?" Akahangaika kutafuta namba ya dereva. Alipoipata, mgeni alishapanda ndege.

Baadaye dereva akapiga. Yule mama alikuja akiwa mgonjwa, na sasa amefariki. Alitaka kuona kaburi moja tu la watu wake kabla hajafa.

Kaburi lenyewe liko nyuma ya zizi. Pale pale!

Mwanangu bado ananiamkia, maziwa analeta, lakini hakai tena kuongea na mimi. Na ana haki.

Wazee wenzangu mnaosifiwa kukumbuka, mtu akija kuulizia kwao, acheni kujiona. Kama jina huwezi kulitamka, inuka, mshike mkono, mpeleke. Mimi sina tena wa kumpeleka.