Makochi ya Mama Neema

Jamani, hii nikitaka kuisimulia huwa naangalia kwanza kama Mama Neema yuko karibu, maana mpaka leo tukikutana gengeni pale Makanyagio anaanza kucheka kabla hata ya salamu.

Mimi ni mlezi kwenye kituo cha watoto, na kituo chetu kinasaidiwa na mzee mmoja wa Ulaya na mkewe, wana kikundi chao kidogo cha kuchangisha huko kwao. Tangu nianze kazi nimekuwa najiuliza, hivi hawa watu wanaishije? Wanafuga kuku? Nani anawapikia? (Wakituma picha natazama ukuta wa nyuma kuliko sura zao.) Basi ikaja habari kwamba wanakuja kutuona, wana pesa ya paa moja tu, na wakifika ndiyo wataamua kama ni la bweni letu la wasichana, ambalo mvua ikinyesha tunahamisha vitanda, au la kituo kingine.

Mimi badala ya kuwaza paa nikawaza watakaa wapi. Sisi tuna mabenchi, na watu wa Ulaya nilijua lazima kwao ni masofa mpaka jikoni. Ndiyo nikaenda kwa jirani yetu Mama Neema, nikaazima makochi yake, seti nzima, na vile vitambaa alivyodarizi mwenyewe.

Wakafika. Mzee Hans, hoi kwa safari, akaegemea kochi kubwa na hapo hapo akalala. Mkewe, Mama Inge, aliwahi kufundisha Tabora, kwa hiyo Kiswahili anakijua, na kusoma anajua. Akainamia kitambaa.

"'Familia ya Baba Neema, karibuni.' Baba Neema ni nani?"

Ningesema ni jirani, yangeisha. Lakini aibu ilishanishika, neno likaniponyoka: "Ni mfadhili wetu wa hapa hapa."

"Mna mfadhili!" Alifurahi kweli, akanishika mikono yote miwili. "Basi labda paa tuwape wale wenzenu wasio na mtu."

Bado natafuta pa kuanzia kujirudi, nikasikia guta la mizigo linasimama nje, na Mama Neema huyo mlangoni, anahema, na wabebaji wawili nyuma yake.

"Dada, nisamehe bure. Wale wanaomposa Neema wamepiga simu, wameshapita Sitalike. Siwezi kuwakalisha chini!"

Mama Inge kusikia jina la Neema tu, akainuka akamkumbatia. "Wewe ndiye mke wa mfadhili! Asante kwa ajili ya watoto!"

Mama Neema akanitazama juu ya bega la mgeni. "Mfadhili? Mie nimefuata makochi yangu."

Ikabidi tumwamshe Mzee Hans, akasimamishwa ukutani macho nusu, kochi likapita. Mama Inge akaniuliza taratibu, "Sasa nyie huwa mnakaa wapi?"

"Mabenchi."

"Na mfadhili?"

"Ni nyie tu, mama."

Nikampeleka bwenini, nikamwonyesha madoa ya maji kwenye magodoro. Akayabonyeza mawili matatu, akageukia mlango, na mimi nikajua paa ndiyo limeondoka, nitawaambia nini wale wasichana?

Tukatoka nje, na wakati huo huo mbebaji mmoja akageuza kochi, mguu wa kochi ukakwaruza sanduku jekundu la wageni, kwaaa!

"Jamani, sanduku la watu!" Mama Inge alipiga magoti, akawa analisugua kwa mate. Akaniangalia, uso umemwiva. "Ni la jirani yangu. Langu limechakaa, niliona aibu kuja nalo kwenu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka. Jioni nzima tulikaa benchini nikamuuliza yote: kuku anafuga, anapika mwenyewe, na hela yetu wanaipata kwa kuuza keki mlangoni mwa kanisa.

Paa tulipata. Na nimeapa, makochi ya watu siyagusi tena, mgeni akija ni benchi. Ila Mama Inge akipiga simu, kabla ya habari za watoto namuuliza habari za lile sanduku. Anasema kalirudisha, jirani hajaugundua mkwaruzo, na yeye mwenyewe siku hizi anapitia njia ya nyuma.