Nilikuwa rubani Arua: siku ndege na mimi tulipopunguzwa kazi pamoja

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za mihangaiko.

Nimepita kwenye uzi wa kijana aliyeuliza kama urubani ni kazi ya uhakika. Majibu mengi yalihusu mishahara na sare. Nikaona nieleze yaliyonikuta mimi miaka ya tisini huko Arua na Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda. Chumvi siongezi. Anayetaka picha anisamehe, begi lenye picha lilibaki huko huko. Mtajua kwa nini.

Mimi ni mtu wa Mwanza. Nilimaliza form six, babu akauza ng'ombe, nikaenda Nairobi kusomea urubani. Leseni nilipata, kazi sikupata. Nilizunguka ofisi za kampuni za ndege mpaka walinzi wakanijua kwa jina.

Siku moja kampuni ndogo ya ndege za kukodi ikaniambia ndege yao iko Arua na rubani wake ameacha kazi. Nikiweza kufika, kazi ni yangu.

Sasa kufika kwenyewe. Ndege ilikuwa kule, kwa hiyo rubani ikabidi aende kwa gari. Nairobi mpaka Kampala nilipanda basi. Kampala kwenda mbele nilikaa juu ya lori la sabuni. Karuma tukasubiri msafara wenye askari kwa sababu njia ilikuwa na waasi. Tukavuka mto pale Pakwach, tukapanda Nebbi, na nilipoteremka Arua vumbi jekundu lilikuwa limenijaa hadi kwenye kope.

Fundi wa pale uwanjani akaniangalia. "Rubani iko wapi?"

Nikamwambia ndiye mimi.

"Basi oga kwanza," akasema. "Ndege itaogopa."

Kazi yetu ilikuwa kubeba dawa, unga na watu wa misaada kwenda viwanja vya udongo upande wa Sudan. Ndege ilikuwa kuukuu, injini mbili za petroli, lakini niliipenda. Tulilipwa kwa saa za kuruka. Mvua ikiharibu viwanja, hupati kitu. Mapigano yakihama, hupati kitu. Na amani ikija, mkataba umeisha.

Hebu fikiria, mkuu, kazi ambayo ukisikia kwenye redio watu wamekaa kupatana, unaanza kuwa na wasiwasi. Halafu unajionea aibu mwenyewe.

Jambo lingine ambalo abiria hawalijui: marubani hujua kupunguzwa kazi kunakuja kabla ofisi haijasema. Sisi tuliangalia mapipa. Petroli ya ndege haiuzwi sheli. Ilitoka mbali kwa lori, ikapangwa kwa mapipa nyuma ya kibanda. Mapipa yakiwa mengi unalala usingizi. Yakipungua unayageuza geuza kichwani kitandani.

Koboko nilikuja kumfahamu Zaitun. Alikuwa akiuza vitenge sokoni na mama yake. Baba yake, Mzee Rajabu, alikuwa sajini jeshini hadi serikali ilipoanguka mwaka sabini na tisa, akakimbilia Sudan na familia nzima. Aliporudi alifungua duka la spea za baiskeli karibu na soko.

Nilipokwenda kuposa nilimchukua yule fundi awe msemaji wangu, maana sikuwa na ndugu kule. Mzee hakumwangalia msemaji. Aliniuliza mimi.

"Ndege iko yako?"

"Hapana mzee, ni ya kampuni."

"Kampuni iko ya baba yako?"

"Hapana."

"Basi wewe iko abiria. Unakaa mbele tu."

Watu wote wakacheka, hata msemaji wangu.

Mzee akasubiri kicheko kiishe. "Mimi nalala sajini, naamuka mukimbizi. Nguo ya serikali natupa kwa mto. Sikatai wewe, mutoto yangu. Leta kazi ya kudumu, chukua bibi yako."

Hakutaja mahari, hakuuliza kabila. Alitaka nipate kazi ya kudumu, basi.

Wakati nasubiri kuipata, nyumba ile ilinizoea. Tukawa na utaratibu wetu. Nikitoka Sudan siku ya Ijumaa na njia ya gari ikiwa shwari, nilipita juu ya Koboko nikatingisha mbawa. Maana yake moja tu: wekeni sufuria jikoni, nakuja. Nikitua Arua nadandia pickup, na nikifika ugali wa muhogo na samaki wakavu viko tayari. Mama Zaitun alisema mimi ndiye mkwe pekee anayepiga hodi kutoka juu.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Bosi wetu wa Nairobi, Kapteni Mwangi, alikuja Arua na habari. Kampuni inanunua ndege ya turbine, inayotumia mafuta yanayofanana na ya taa, ambayo hayasumbui kupata.

"Njoo Nairobi miezi mitatu upate rating yake, kibali cha kuirusha," akaniambia. "Unasaini bond ya miaka mitatu, hutoki kwetu. Na sisi tunakufanya permanent."

Nikakataa.

Wakuu, nimejiuliza sana kwa nini. Ilikuwa kiangazi, saa za kuruka zilikuwa nyingi, nikaona nikiondoka mwingine atazila. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba mimi tangu utoto sikai mahali. Nilisikia miaka mitatu nikaona kamba. Kile alichokuwa akikitaka Mzee Rajabu kililetwa mpaka mbele yangu, nami nikakisukuma pembeni.

Nikamwambia, "Kapteni, hii kuukuu nimeizoea."

"Wewe umeizoea," akasema. "Petroli haijakuzoea."

Akamchukua Opio, kijana aliyeajiriwa baada yangu. Aliaga akicheka, akaniomba nimtunzie redio yake.

Mapipa yakaanza kupungua. Lori lililokuja lilileta machache, lililofuata halikuja. Fundi akageuza pipa moja tupu kuwa kiti, akakaa.

Asubuhi moja Nairobi wakaita kwenye redio. Leta ndege leo, inakaguliwa. Nikauliza narudi lini. Wakasema utaambiwa ukifika.

Nikajua lakini sikutaka kujua. Begi nililiacha chumbani, mashati kwenye kamba; nilibeba redio ya Opio tu. Ukiacha vitu, unajiambia utarudi.

Koboko haikuwa na simu. Nairobi iko kusini mashariki, Koboko iko kaskazini. Niliruka nikaelekea kaskazini ili niwaage, hata kama ni kwa muda.

Nikashuka chini kidogo juu ya soko, nikatingisha mbawa.

Zaitun akatoka uani na mama yake. Alinipungia kitenge. Halafu wote wawili wakakimbilia jikoni.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nyumba ile haikuwa na ishara ya kwaheri. Hatukuwahi kuiweka.

Nikazunguka, nikatingisha tena, labda wataona kuna kitu. Nikaharibu zaidi. Nilimwona Mzee Rajabu anafunga milango ya duka aende nyumbani kupokea mgeni. Nilipogeuza ndege, moshi ulikuwa umeanza kupanda.

Nairobi, Mwangi alinipokea palepale ilipoegeshwa ndege. Imeuzwa, itavunjwa iwe spea. "Na wewe pole sana, huna rating nyingine." Opio alikuwa amesimama karibu na ile mpya. Akaniita kaka, akachukua redio yake.

Nilijiambia nitarudi Koboko nikipata kazi ya kudumu. Niliruka Kongo, Lokichoggio, migodini kwetu Kanda ya Ziwa. Yote mikataba ya muda. Nikaja kusikia Zaitun ameolewa na mfanyabiashara wa mpakani Oraba. Sina wa kumlaumu.

Vijana mnaotaka urubani, someni, ni kazi nzuri. Lakini ukiambiwa ukajifunze mashine mpya, nenda siku hiyo hiyo. Na usimwambie mtu akusubiri mpaka uwe permanent, maana kiti kile cha mbele ni cha abiria kama vingine.

Waliopitia kupunguzwa kazi, njooni mseme mlivyowaambia watu wa nyumbani.

Na kama humu yumo mtu wa Koboko anayelikumbuka duka lile la spea za baiskeli, simtumi ujumbe wowote. Nataka kujua tu kama siku ile walikula, au walinisubiri.