Konzi Tatu za Omena

Lori la Alhamisi lilikuwa na nafasi ishirini na sita za magunia, na nafasi ya tisa ilikuwa yangu. Ilikuwa katikati, mbali na mkia kulikoingia vumbi, mbali na kichwa kulikonuka dizeli. Niliipigania miaka minne kuipata. Gunia lililokosa nafasi kwenye lori lilikwenda kwa basi, na kondakta wa basi alilitoza nauli ya mtu mzima, kisha akalikalia.

Tulikuwa wanawake ishirini na sita katika ushirika wetu mdogo, tukinunua omena, dagaa wa ziwani, Homa Bay na kuiuza Migori. Mimi nilikuwa na meza sokoni na pia wateja wangu wa Masara, wachimba dhahabu, ambao siku nyingine walinilipa kwa punje za dhahabu zilizopimwa kwa njiti za kiberiti. Mtu akikulipa kwa kitu kinachoweza kupeperushwa na chafya, unajifunza kuhesabu mara mbili.

Nchi ilikuwa imetoka kwenye uchaguzi wa vyama vingi, na sisi nasi tulikuwa tumejifunza mambo. Mkono mtupu haulambwi. Mwenzetu mmoja aliyetaka uenyekiti wa ushirika aligawa sukari, nusu kilo kwa kila mwanachama, tukamchagua kwa vigelegele. Kisha akarudisha gharama zake kutoka kwenye sanduku la ushirika, polepole, bila kelele. Mvua ya masika ilipoanza tukauliza turubai jipya la lori liko wapi. Tulikuwa tumelinywa na chai. Omena yetu ikafika Migori imelowa, ikauzwa kwa wenye kuku, na kuku wenyewe waliitazama kwanza.

Ndiyo maana uchaguzi uliofuata tulijiwekea sheria, tukaziandika kwenye daftari la shule. Kila mgombea aandike kila alichompa mwanachama tangu siku aliyotangaza kusimama. Jumla isizidi thamani ya gunia moja la omena. Ikizidi, jina linafutwa. Kilichotolewa bila kuandikwa kinalipwa mara mbili kwenye sanduku. Na sheria ya nne, niliyoipendekeza mwenyewe, nimesimama, mkono kiunoni: atakayepokea akanyamaza anapoteza nafasi yake kwenye lori kwa Alhamisi nne, na nafasi hiyo anapewa mwanachama safi aitumie au aikodishe, nusu ya kodi ikienda kwenye turubai.

"Sheria bila meno ni ulimi tu," niliwaambia. Walinipigia makofi. Wakanifanya mkaguzi.

Mkaguzi wa pili alikuwa mama wa Kehancha, Mkuria pekee kati yetu, ambaye Dholuo, lugha yetu sisi wengine, alikielewa pale alipotaka tu. Kwa hiyo mikutano yetu ilikuwa ya Kiswahili, kila mtu akikivunja upande wake. Yeye alinunua omena yake yote kisiwani Mfangano, akiteremka nayo kwa mashua hadi Homa Bay, na hakuwahi kumwambia mtu bei.

Wagombea walikuwa wawili. Mmoja ni yule yule mwenyekiti wa sukari, aliyeapa kwamba ameokoka. Wa pili tulimwita Nyar Rusinga, yaani binti wa Rusinga, kwa kuwa kwetu mke huitwa kwa alikozaliwa. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mikono mipana ya kuvuta nyavu, na ndiye pekee katika ushirika aliyekuwa na akiba ya omena pale pale Homa Bay, hata sisi wengine tukawa tunajazia magunia yetu kwake, debe moja moja. Yeye alizungumzia turubai tu. Mimi nilimtaka yeye, ingawa mkaguzi hatakiwi kumtaka mtu.

Wiki moja kabla ya kura walituletea hesabu zao. Mwenyekiti alileta mfuko wa vizibo vya soda. Kila soda aliyonunulia mwanachama, kizibo kimo.

"Arobaini na sita," alisema.

Nilihesabu. Nikahesabu tena. "Arobaini na vitano vya soda, mama. Hiki kimoja ni cha bia."

"Hicho ni cha baba watoto. Kilijiingiza."

"Kwani naye ni mwanachama?"

Akakichukua akakitia kwenye mkoba. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. "Mimi nimeandika yangu. Sasa muulizeni mwenzangu habari ya kichuguu."

Hesabu ya Nyar Rusinga ilikuwa ukurasa mmoja wenye maneno mawili: *Sikutoa kitu.*

Ile ya kichuguu niliielewa mara moja, na nikaicheka. Sokoni, debe la omena likishajazwa na kusawazishwa, muuzaji huongeza konzi moja juu. Hiyo ni nyongeza, ni desturi, hata mwizi hupewa. Ila kwangu mimi, tangu Alhamisi mbili zilizopita, Nyar Rusinga alikuwa akiongeza konzi tatu, na debe lilikuwa likisimama kama kichuguu. Hizo konzi mbili nilizitoa kwa jasho langu. Nilimlilia, nikamtania, nikaondoka nikarudi, nikataja mvua, nikataja magoti yangu. Nyumbani nilijisifu mpaka mume wangu akahamia kwenye redio. Sasa mtu aje aite ustadi wangu hongo.

"Ni kupatana tu," nilimwambia mama wa Kehancha.

"Labda," alisema. "Tupime."

Alhamisi asubuhi tulikuwa Homa Bay, tumejibanza nyuma ya mizani ya samaki. Mama wa Kehancha alikuwa amempata mfugaji wa kuku kutoka Oyugis, mtu asiyejulikana na yeyote, na mkavu kama kuni. Alikwenda kwa Nyar Rusinga akapatana nusu saa. Nakiri nilijifunza mawili matatu. Alilalamikia bei, ukubwa wa omena, mchanga, serikali. Wakati mmoja alijilaza chini kabisa kulitazama debe kutoka pembeni. Mwishowe akapata konzi moja.

"Sasa nenda wewe," mama wa Kehancha aliniambia. "Nunua debe lako kama kawaida. Lakini usifungue mdomo."

"Hata salamu?"

"Salamu kwa kichwa."

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nilisimama mbele ya Nyar Rusinga, nikaashiria debe, nikatoa pesa kamili bila kulia wala kutaja magoti. Alinitazama usoni kwa wasiwasi.

"Nyawadwa, ndugu yangu, uko mgonjwa?"

Nikatikisa kichwa. Akajaza debe. Akasawazisha. Konzi ya kwanza. Nikajiombea iishie hapo. Konzi ya pili. Kisha, kwa mkono ule wake kama sinia, akaongeza ya tatu, akaipapasa juu kwa upole, akatabasamu.

Nilirudi nyuma ya mizani na debe kichwani.

"Umehesabu?" aliuliza mama wa Kehancha.

"Mara mbili."

"Ngapi?"

"Tatu."

"Na ulisema nini kuzipata?"

"Sikusema kitu."

"Basi ule ulimi wako," alisema taratibu, akiangalia ziwa, "umekuwa ukifanya kazi gani wakati huu wote?"

Njia nzima ya kurudi Migori nilikaa juu ya gunia langu, nafasi ya tisa, nikilisikia chini yangu kama mtu anayeaga. Nikisema Jumapili kwamba nilipatana, hakuna hongo, nafasi yangu inabaki. Shahidi wa kunipinga ni mmoja tu, na huyo angenyamaza nikimwomba. Nikisema ukweli, gunia langu linakwenda kwa basi kwa Alhamisi nne, likikaliwa na kondakta. Na sheria ni yangu. Mkono kiunoni ulikuwa wangu.

Jumamosi wenzetu Wasabato hawashiki hesabu, na Jumapili asubuhi wenzetu Wakatoliki wako misani, kwa hiyo demokrasia yetu ilianza Jumapili saa nane mchana, katika darasa la chekechea tuliloazimwa pale Migori. Wanawake ishirini na sita, wauza omena walioshiba, kwenye viti vya watoto wa miaka mitano. Kila aliyesimama kuzungumza alisimama na kiti chake.

Mama wa Kehancha alisoma habari ya mfugaji wa kuku. Minong'ono ikaanza. Nyar Rusinga alisimama, kiti kikamfuata, akakibandua.

"Mnunuzi wangu ni mkaguzi mwenyewe," alisema. "Konzi zake alizipata kwa kupatana. Nani hapa hajui mdomo wa huyu mama?"

Wote wakacheka, wakanigeukia. Alikuwa amenifungulia mlango, na alinitazama kwa macho ya mtu aliyeshika kitasa. Ningepita tu. Lakini nilipokwisha kusimama, jambo lililoniwasha halikuwa hata sheria. Ni yule mfugaji wa Oyugis. Mtu aliyelala chini kwa ajili ya omena alipata konzi moja, na mimi niliyesimama kama mlingoti nikapata tatu. Kuita hilo kupatana kungekuwa kuitukana biashara.

"Alhamisi hii sikupatana," nilisema. "Nilinyamaza kabisa."

"Wewe?" alisema mwenyekiti wa sukari.

"Mimi. Na bado zilikuja tatu. Hiyo ni zawadi ya kampeni, haikuandikwa, na mimi nimeipokea Alhamisi tatu. Andika."

Mama wa Kehancha aliinua penseli. "Kuna mwingine aliyepata tatu?"

Mama mmoja wa nyuma alikohoa. "Mimi pia ninapataga tatu. Lakini mimi niliongea vizuri."

"Wewe uliongea vizuri?" alisema jirani yake. "Mimi ndiye nilimwambia nitahamia kwa muuzaji mwingine, ndiyo akaongeza."

"Nilidhani ni mimi peke yangu."

"Aliniambia nisimwambie mtu, eti nimemshinda."

"Hata mimi nimemshinda."

Walisimama mmoja mmoja na viti vyao. Kumi na wanane, nikiwemo. Washindi kumi na wanane wa kupatana, na kila mmoja alikuwa amejisifu nyumbani kwake. Nani alianza kucheka sikumbuki, ila nakumbuka kiti kimoja kilivunjika, na Nyar Rusinga alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakiruka.

"Nyinyi mnapenda kushinda," alisema alipopata pumzi. "Nikawapa ushindi. Na ushindi unaandikwa upande gani wa daftari?"

"Upande wa omena," alisema mama wa Kehancha.

Konzi mbili za ziada, Alhamisi tatu, watu kumi na wanane: konzi mia moja na nane. Mara mbili ni mia mbili na kumi na sita. Ilikuwa mbali sana na gunia, kwa hiyo jina lake likabaki. Mwenyekiti alitaka konzi za faini zipimwe kwa mkono wa mtu yeyote, mama wa Kehancha akakataa. Mkono uliotoa ndio utakaolipa, la sivyo tunamsaidia. Nyar Rusinga akaziteka pale pale darasani kutoka kwenye gunia lake mwenyewe, mia mbili na kumi na sita, sisi tukihesabu kwa sauti moja kama watoto wenye darasa lao. Tulipomaliza nilidai tuhesabu tena. Walinirushia leso.

Kisha tukapiga kura, punje ya mahindi kwa huyu, ya maharagwe kwa yule, ndani ya chungu. Nyar Rusinga alishinda. Hata mwenyekiti wa sukari alicheka, akasema angejua angenunua omena badala ya soda.

Ilibaki sheria ya nne. Nafasi kumi na nane za lori zilikuwa sasa mikononi mwa wanawake saba safi, maana Nyar Rusinga mtoaji hakuhesabiwa safi, nasi kumi na wanane tulitakiwa kuzikodi au kwenda kwa basi. Kila pembe ya darasa kukawa na watu wanaopatana. Nafasi ya tisa ilikuwa imemwangukia mama wa Kehancha.

Alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo cha buluu, mikono magotini, akinisubiri. Nilianza na mvua. Nikaja kwenye undugu wa kazi, ukaguzi, maili tulizotembea pamoja. Nikataja magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akataja bei ile ile aliyoanza nayo. Nilikwenda mpaka mlangoni nikarudi. Bei ilikuwa imekaa pale pale.

"Ndugu yangu, sheria ni msumeno," alisema. "Na huu umeunoa mwenyewe."

Nikalipa. Nusu yake, nusu ya turubai. Alizihesabu. Nilimwomba azihesabu tena, akafanya hivyo.

"Na nyongeza?" nilimuuliza.

Akafikiri kidogo. "Ipo. Nitakuachia uweke na kikapu juu ya gunia."

Kisha akalivuta daftari, akalamba ncha ya penseli, akaiandika.